Mbobezi, kiraka au mjuzi wa sekta? Njia tatu za kudumu kwenye kazi ya programu

Swali huja kwa sura ileile, mara nyingi usiku: “Shikamoo kaka. Nijifunze lugha gani ya programu ambayo haitakufa?” Anayeuliza huwa kijana wa mwaka wa tatu chuoni, au dada aliyekaa miaka sita kwenye kampuni ya kutengeneza tovuti, ambaye sasa kila tangazo la kazi analolisoma linataja vitu asivyovijua hata kwa jina. Zamani nilikuwa nawatajia lugha. Niliacha, kwa sababu mwaka 2009 mimi nami nilimuuliza mtu swali hilohilo, akanijibu kwa moyo mweupe kabisa: Flash.

Kwa wasioikumbuka, Flash ndiyo iliyokuwa ikichezesha matangazo, video na michezo ya kwenye kivinjari. Nilinunua CD za mafunzo Kariakoo, nikakesha nazo miezi. Aprili 2010 Steve Jobs akatoa waraka wa wazi kueleza kwa nini iPhone na iPad hazitaipokea. Mwaka 2017 Adobe, wenye mali, wakatangaza siku ya kuizika, na tarehe 31 Desemba 2020 ikazikwa. Aliyenishauri hakuwa mjinga, maana wakati ule Flash ilikuwa kila mahali. Mimi ndiye niliyeuliza habari za jembe bila kuuliza habari za shamba.

Anayetaka kula kazi hii miaka ishirini au thelathini ana uamuzi mkubwa kuliko wa lugha: uzito wake auweke wapi? Kwenye zana moja aijue mpaka chini kabisa, kwenye zana nyingi kwa kiasi, au kwenye shughuli yenyewe ambayo zana zinaihudumia? Nimefanya kazi na watu wa aina zote tatu, na mimi mwenyewe nimepita mbili kati ya hizo. Kila njia imelea watu, na kila njia imewaacha wengine kwenye mataa.

Nitazipima kwa vigezo vitano vilevile: ujuzi unachacha kwa kasi gani, soko la hapa na la mbali linasemaje, kujinoa kunagharimu nini, akili mnemba inakula upande upi, na zana ikifa unabaki na nini. Mshahara sijauwekea kigezo chake makusudi. Kwa niliyoyaona, tofauti ya mwajiri na mwajiri ni kubwa kuliko tofauti ya njia na njia. Na nikisema kodi humu ndani nina maana ya maandishi ya programu, si ile ya TRA, ingawa na yenyewe tutakutana nayo huko mbele.

Njia zenyewe

Mbobezi amechagua kitu kimoja akachimba. Anaweza kuwa mtu wa Oracle, ule mfumo wa kuhifadhi data, mtu wa Android, au mtu wa mfumo mkuu wa benki, zile Flexcube na T24. Ndiye anayepigiwa simu saa tisa usiku mfumo ukigoma, na ndiye anayejua kwamba chanzo ni mpangilio mmoja uliobadilishwa wiki mbili nyuma.

Kiraka ni kama yule mchezaji ambaye watangazaji wetu wa mpira wamempa jina hilo: leo beki wa kulia, kesho kiungo, keshokutwa anaziba pengo la mshambuliaji. Asubuhi anapanga rangi za ukurasa, mchana anaandika maulizo ya kanzidata, yaani ghala la data za mfumo, jioni anafufua seva, ile kompyuta inayouhudumia mfumo. Wengi wetu tuliotokea kampuni ndogo ni viraka kwa sababu ya uhaba. Hakuna aliyetuuliza kama tunapenda.

Mjuzi wa sekta anaandika kodi kama wenzake, lakini ukimuuliza anafanya kazi gani hakutajii lugha. Atakwambia “malipo”, au “afya”, au “SACCOS”. Anajua fedha inapita wapi kutoka simu ya mteja hadi akaunti ya duka, au zahanati inaagizaje dawa, au riba ya mkopo inakokotolewaje mwanachama akilipa kabla ya muda.

Ujuzi unachacha kwa kasi gani

Hapa nawaza jikoni. Kuna mchicha, kuna mchele, kuna chumvi.

Fremuweki, zile fremu zilizotengenezwa tayari ambazo programu hujengwa juu yake, ni mchicha. AngularJS ilitoka 2010, ikapendwa sana, na watu wakajenga mifumo mizima juu yake. Septemba 2016 likaja toleo la pili lililokuwa tofauti kiasi kwamba aliyetaka kuhamia alilazimika kuandika upya sehemu kubwa ya kazi yake, na mwisho wa 2021 lile la kwanza likaachwa bila matunzo. Lugha ni mchele, zinakaa: Python ilitolewa 1991, na Java, PHP na JavaScript zote zilitoka mwaka mmoja, 1995. Miaka yote hiyo zimetabiriwa vifo na bado ndizo zinazotulisha.

Halafu kuna chumvi. SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata, ilianza 1974 kutokana na wazo la Edgar Codd la 1970, na maulizo ya msingi ya wakati ule hata leo yangeeleweka. Intaneti inatumia TCP/IP, kanuni za kusafirisha data, ambazo mtandao wa ARPANET, mzazi wa intaneti, ulizihamia tarehe 1 Januari 1983. Na kama unadhani COBOL, lugha ya programu ya mwaka 1959, ni ya makumbusho, kumbuka Aprili 2020, wakati wa korona: gavana wa New Jersey huko Marekani alisimama mbele ya waandishi wa habari akaomba wajuzi wa COBOL wajitolee, kwa sababu mfumo wa mafao ya wasio na kazi ulikuwa umezidiwa.

Kwa hiyo mbobezi hana kasi moja ya kuchacha. Inategemea amebobea kwenye mchicha au kwenye chumvi. Aliyejua SQL na namna kanzidata inavyotafuta rekodi zake mwaka 2000 bado anajua. Aliyebobea kwenye fremuweki moja ya kivinjari ana miaka michache kabla sokoni hawajaanza kuita jina jingine.

Kiraka ananunua mchicha kila siku, na hilo halimsumbui sana kwa kuwa hakununua mwingi. Tatizo lake ni la aina nyingine: anaweza kupita miaka kumi akinunua mchicha tu, asigundue kwamba chumvi hana.

Mjuzi wa sekta ana bidhaa inayokaa kuliko zote. Kuandika hesabu pande mbili, kila muamala ukiingizwa mara mbili, kulichapishwa Venice mwaka 1494 na Luca Pacioli, na mpaka kesho mfumo wowote wa fedha usioheshimu utaratibu huo utakutoa jasho. Sheria za juu yake hubadilika, kweli. Kwa ajili ya kodi ya serikali, Tanzania ilianza kutumia mashine za risiti za EFD mwaka 2010, Kenya ikaja na mfumo wa ankara wa eTIMS mwaka 2023. Sheria ya kulinda taarifa binafsi Kenya ni ya 2019 na ya Tanzania ni ya 2022. Lakini mabadiliko ya namna hiyo huja na tangazo na yanabaki kuwa kazi yako wewe unayeijua sekta. Fremuweki haimtumii mtu barua.

Soko la hapa na la mbali

Soma matangazo ya kazi ya Dar, Arusha au Mombasa. Kampuni ya watu wanane inataka mtu mmoja ajue tovuti, programu ya simu, seva, na ikibidi awafundishe wateja kutumia barua pepe. Hapo kiraka ni mfalme. Akiwa deiwaka wa kujitegemea ndiyo kabisa, maana mteja wa duka la vipuri hataki kusikia kwamba wewe ni mtu wa kanzidata tu.

Nafasi za wabobezi hapa kwetu ni chache lakini zina miguu mirefu. Ziko kwenye benki, kampuni za simu, na taasisi za serikali zinazoendesha mifumo mikubwa. Ukiingia, unaweza kukaa miaka kumi. Ukitoka, waajiri wanaoweza kukuchukua kwa ujuzi huohuo unaweza kuwahesabu kwa vidole, na wanajuana.

Soko la mbali lina tabia yake, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu vijana wengi wanaliwaza vibaya. Andela ilianzishwa Lagos mwaka 2014, ikafika Nairobi 2015 na baadaye Kampala, kwa wazo la kuchukua vijana wenye akili, kuwafundisha, na kuwaunganisha na kampuni za nje. Wazo lilisifiwa sana. Septemba 2019 kampuni ikatangaza kuachana na wahandisi wachanga wapatao 400 wa Nigeria, Uganda na Kenya, ikisema wateja walikuwa wakitaka wazoefu. Hawakuwa vijana wazembe. Soko la mbali hununua mtu aliyekwisha kuungua mkono mara kadhaa, kwa kuwa mwajiri aliye Berlin au Toronto hana namna ya kukaa ubavuni mwako akuelekeze. Mbobezi mwenye miaka sita ya kazi inayoonekana anauzika kule. Kiraka wa miaka sita naye anauzika, lakini itabidi achague sura moja ya kujitambulisha nayo, kwa sababu wasifu wenye zana thelathini haumwambii mtu chochote.

Mjuzi wa sekta watu humwambia amejifungia kijijini. Ni kweli nusu. Kujua kanuni za madai ya bima ya afya ya nchi moja hakuvuki mpaka. Lakini kujua malipo ya simu kunavuka, maana M-Pesa iliyoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania 2008 ina ndugu zake kuanzia Kongo hadi Ghana, na wote wanafanana tabia. Afya nayo: OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza 2004, ulikua pamoja na kliniki za Eldoret; na DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unatumika katika nchi nyingi, huku Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa mshirika wa muda mrefu. Aliyeujua vizuri akiwa Dodoma anaweza kuitwa Lilongwe.

Kujinoa kunagharimu nini

Mbobezi analipa kwa mkupuo. Mitihani ya vyeti vya kampuni kubwa hulipiwa kwa dola, na mtu wa Android anahitaji kompyuta yenye angalau GB 8 za RAM ili Android Studio ifunguke, achilia mbali kutembea. Akishalipa, anapumua miaka miwili mitatu.

Kiraka analipa kidogokidogo bila kikomo: bando, usiku, Jumapili. Nilipokuwa sina familia sikuhesabu. Mtoto wa kwanza alipozaliwa ndipo nilipogundua kwamba kujinoa kwangu kote kulikuwa kunafanyika kati ya saa nne na saa nane usiku, na kwamba saa hizo sasa zina mwenyewe.

Mjuzi wa sekta analipa kwa kukaa na watu, tena watu wasiojali kabisa kompyuta. Niliwahi kutengeneza mfumo wa stoo ya dawa. Niliupanga kwa kanuni niliyoisoma: iliyoingia kwanza itoke kwanza. Kodi ilikuwa safi. Siku ya pili mama wa dirisha la dawa akaniita.

“Mwanangu, huu mfumo wako unaniambia nitoe boksi hili.”

“Ndiyo mama, ndilo lililotangulia kuingia.”

“Tazama tarehe. Hili la jana linaisha muda mwezi wa nne. Lako linaisha mwakani.”

Dawa hutoka kwa tarehe ya kuisha muda, haijalishi iliingia lini. Kisha akanionyesha kwamba mimi nahesabu maboksi wakati yeye anatoa vidonge, tena mara nyingine nusu ya karatasi ya vidonge kumi. Nilikaa nyuma ya dirisha lile wiki nzima, nikibeba maboksi na kunyamaza. Hakuna kozi ya mtandaoni ambayo ingenipa wiki ile, na sikulipia hata senti. Ila lazima mtu akubali kuonekana mjinga mbele ya watu ambao hawawezi kuandika mstari mmoja wa kodi, na wapo mafundi wazuri sana ambao hilo hawaliwezi. Siwalaumu. Ni tabia, kama vile kupenda au kutopenda kelele.

Akili mnemba inakula upande upi

GitHub walianza kuonjesha Copilot, msaidizi wa kuandika kodi, Juni 2021, na ChatGPT ikafunguliwa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022. Tangu hapo maswali ya usiku yamebadilika kidogo: “Kaka, kazi yenyewe itakuwepo?”

Ninachokiona ni kwamba inakula kuanzia chini. Fomu za kusajili wateja, kurasa za kuorodhesha na kufuta, kuhamisha kodi kutoka lugha moja kwenda nyingine, vyote hivi ndivyo vilivyokuwa chakula cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kazini. Kiraka amepata hasara na faida kwa pamoja. Ile sifa yake ya kushika kitu kipya ndani ya wiki imepungua bei, kwa kuwa sasa karibu kila mtu anaishika ndani ya siku mbili. Lakini yeye ndiye anayejua vipande vyote vinaunganika wapi, kwa hiyo akipewa msaidizi wa aina hii anafanya kazi ya watu watatu. Kampuni ndogo zimeliona hilo.

Mbobezi wa juujuu, yule aliyekuwa anajua majina ya maagizo kuliko wenzake, yuko pabaya. Mbobezi wa kweli bado anaitwa, hasa pale ambapo kosa likitokea halionekani kwenye kodi bali kwenye seva yenye mzigo wa mwisho wa mwezi.

Kwa mjuzi wa sekta nitatoa mfano wa malipo. Mteja anabonyeza kulipa, simu yake inapokea ombi la namba ya siri, anaiweka, na mtandao wa simu unarudisha jibu kwenye seva yako: amelipa. Kila mtu anaanzia hapo, na tangu Safaricom wafungue Daraja, mlango wa kuunganisha mifumo na M-Pesa, mwaka 2017, kwa upande wa Kenya sehemu hiyo imekuwa ya kufuata maelekezo tu. Ila jibu lile linaweza kuja mara mbili. Linaweza kuja baada ya dakika kumi, mteja akiwa ameshabonyeza tena. Linaweza lisije kabisa, na fedha ikawa imekatwa. Niliwahi kuuagiza mtambo wa akili mnemba uniandikie kodi ya kupokea jibu hilo. Ikaja nzuri, imepangika, ina maelezo juu. Haikukagua kama muamala wenye namba ileile umeshaingizwa. Nilipousemesha ulirekebisha kwa sekunde. Sasa kwa mtu ambaye hajawahi kukaa na mhasibu saa mbili usiku akitafuta kwa nini hesabu za mfumo na za mtandao wa simu zinapishana kwa 45,000, nani angeusemesha?

Ila mjuzi wa sekta naye asijipe uhakika. Akiacha kabisa kusoma kodi, baada ya miaka mitatu anakuwa mtu wa vikao, na mtu wa vikao asiye na cheo ndiye wa kwanza kupunguzwa.

Zana ikifa, unabaki na nini

Februari 2011 Nokia walitangaza kuiacha Symbian, mfumo endeshi wa simu zao, na kuhamia Windows Phone ya Microsoft. Kuna watu walikuwa wamejenga maisha juu ya Symbian. Wengine wakahamia Windows Phone, na yenyewe matunzo yake ya mwisho yakakoma Januari 2020. Waliokuwa wanaijua Symbian kama orodha ya maagizo walianza sifuri mara mbili. Waliokuwa wanajua namna ya kubana programu itembee kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo na mtandao wa kusuasua walikwenda Android na ujuzi wao mkononi, na kwa simu zinazotumika huku kwetu, ujuzi huo bado ni dhahabu. Mara nyingine zana haifi, inabadilishwa taratibu: Google waliikubali rasmi lugha ya Kotlin kwenye Android mwaka 2017, wakaitanguliza mbele ya Java 2019, na mtu wa Java alikuwa na miaka ya kuvuka bila kulowa.

Kiraka msiba haumgusi sana. Anazika, anaosha mikono, anaendelea. Anachokosa ni kitu cha kukumbukwa nacho: akifika miaka arobaini, aliyefanya naye kazi anasema “ni mtu mzuri, anajua vitu vingi”, na sentensi hiyo haimpatii mtu kazi kubwa.

Kwa mjuzi wa sekta kinachoweza kufa ni kanuni. Julai 2021 tozo za miamala ya simu zilianza Tanzania, na Septemba mwaka huohuo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Ndani ya miezi hiyo kila mfumo uliokuwa unaonyesha makato ulipaswa kurekebishwa, na tena. Waliojua makato yanakaa wapi kwenye safari ya fedha hawakulala, na hawakukosa kazi. Hatari yake halisi ni sekta nzima kusinyaa, au wewe mwenyewe kuichoka. Anayechoka afya baada ya miaka tisa hawezi kuamka kesho akawa mtu wa malipo. Kukaa nyuma ya dirisha kunaanza upya.

Vipi uongozi?

Wengi wanauona kama njia ya nne. Naupitia haraka kwa sababu kwangu ni kazi nyingine kabisa: unaacha kutengeneza mifumo unaanza kutengeneza timu. Haichachi kirahisi, inaheshimika, na huku kwetu mara nyingi ndiyo njia pekee ya kupandishwa mshahara. Lakini nafasi ni chache, na kurudi kwenye kodi baada ya miaka mitano ya vikao ni kugumu. Anayependa watu kuliko mashine aende bila kuona haya. Anayekwenda kwa sababu ya cheo tu, timu yake itamjua ndani ya mwezi.

Kwa hali yako

Uko chuoni au ndiyo unaanza: kuwa kiraka miaka miwili mitatu ya kwanza, kwa kuwa hujui bado unapenda nini na soko la hapa ndilo litakalokupokea kirahisi. Ila kila mwezi tenga muda wa chumvi: SQL, jinsi mtandao unavyosafirisha data, na Linux ya kwenye seva. Fremuweki utafundishwa kazini.

Umekaa miaka mitano sita kama kiraka na unahisi unazunguka palepale: tazama miradi yako ya nyuma kwa wateja wake. Kama mitatu ilikuwa ya shule, au ya SACCOS, tayari una nusu ya sekta na hujaidai. Kama wateja hawafanani lakini kila mara wewe ndiye uliyeachiwa kanzidata, basi ubobezi umekuchagua.

Uko benki au kampuni ya simu, kwenye mfumo mmoja mwaka wa nane: usikimbie kwa sababu ya kelele za mitandaoni. Jipime kwa jambo moja: mfumo huo ukiuzwa kesho na kuletwa mwingine, utakuwa mtu wa kuhamisha au mtu wa kuhamishwa? Kama ni la pili, anza kujifunza biashara iliyo nyuma ya skrini, wenye nayo wako ghorofa hiyohiyo.

Unataka kazi za mbali: jitambulishe kama mbobezi hata kama moyoni wewe ni kiraka, na uwe na kazi ambayo mtu anaweza kuifungua na kuisoma. Chini ya miaka mitatu ya uzoefu, usijenge bajeti ya nyumba juu ya matumaini hayo.

Una watoto wadogo, au unamuuguza mzazi, na usiku si wako tena: njia ya kiraka itakuumiza. Sekta inajifunzwa mchana, saa za kazi, kwa kuuliza.

Hupendi kabisa kukaa na watumiaji, unataka mlango ufungwe na tatizo liwe gumu: usijilazimishe sekta. Bobea, na ubobee chini, karibu na mashine. Kompyuta nyingi ndogo zilizo ndani ya mita, milango na mitambo bado zinahesabu muda kwa biti 32, na saa hizo zinajaa tarehe 19 Januari 2038. Watakaoweza kuzifungua na kuzirekebisha watatafutwa kabla ya hapo, na wengi wa wanaojua kazi hiyo leo watakuwa wamestaafu.